Mkalimani aliyesomea Kiswahili gerezani: miezi yangu kwa Wawolaita na Wagamo

Sisi watu wa Muleba tunauita unyanjano. Vitabu vinauita mnyauko wa bakteria wa migomba. Uganda uliripotiwa mwaka 2001, na kufika katikati ya muongo ule ulikuwa umeshavuka mpaka na kuingia Kagera. Nilikuwa bwana shamba kijana, na kazi yangu ikawa kuwaambia wazee wafyeke vibanja walivyorithi. Asiyetoka kwenye ndizi ni vigumu kuuona uzito wa jambo hilo. Kibanja kwa Mhaya ni chakula cha leo na cha kesho, ni rubisi, ile pombe ya ndizi, ya harusi, ni mahali walipozikwa wazazi. Unafika na daftari lako kwa mzee anayeweza kuwa babu yako, unamwambia, "Ta, hii yote ing'olewe." Anakutazama tu.

Kila semina tuliifungua kwa maelezo yaleyale: ugonjwa huu asili yake ni Ethiopia, wataalamu waliueleza mwaka 1968 kwenye mmea uitwao enset, na mwaka 1974 wakatoa taarifa kwamba umeonekana kwenye migomba huko Kaffa. Miaka nenda rudi nilikariri hayo mbele ya watu bila kujua enset ikoje wala Kaffa ni ya akina nani. Ndipo mwaka 2019 nikapata nafasi kwenye mradi uliokuwa ukibadilishana maafisa ugani, nikapangiwa kusini mwa Ethiopia. Kituo changu kilikuwa Sodo, mji wa Wawolaita, pamoja na safari za kupanda milimani Chencha kwa Wagamo.

Kuhusu bakteria sikujifunza mengi mapya. Kuhusu lugha nilijifunza mambo ambayo mpaka leo yananiongoza kazini, na ndiyo ninayotaka kuyasimulia.

Kwanza watu wenyewe, maana kwetu hawajulikani. Ukimwambia Mtanzania "Mhabeshi", anawaza Kiamhari na muziki wa Addis Ababa. Kusini magharibi mwa nchi hiyo, pande zote mbili za mto Omo, kuna watu wengine kabisa ambao lugha zao wanaisimu wameziita za Kiomotiki, kwa jina la mto huo. Wawolaita ndio wengi zaidi, sensa ya mwaka 2007 iliwahesabu zaidi ya milioni moja na nusu. Wagamo wanazidi milioni moja. Wapo Wagofa, Wadawro, Wakafa, Wabench, Washeko, Wayem, na ukishuka kusini kwenye joto unakutana na Waaari, Wahamer, na Wakaro ambao ni kikundi kidogo sana kando ya mto. Zamani lugha hizi zilihesabiwa kuwa tawi la magharibi la Kikushi, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Harold Fleming alipodai kwamba ni familia inayojitegemea ndani ya ukoo mkubwa wa Kiafroasia, ule wenye Kiarabu, Kihausa na Kisomali. Ubishi haujaisha. Wapo wataalamu wanaosema baadhi yake, hasa zile za kusini, huenda hazimo kabisa kwenye ukoo huo.

Halafu kuna jambo la picha. Wale akina mama wenye kisahani kwenye mdomo ambao watu wanapenda kuwasambaza mtandaoni ni Wamursi, na lugha yao si ya Kiomotiki, iko upande wa Kinilo-Sahara. Wahamer, wale wanaoruka juu ya migongo ya ng'ombe waliopangwa mstari ili kijana ahesabiwe mtu mzima, hao ndio wa Kiomotiki. Wanaishi jirani, wanapigwa picha na watalii walewale, ila lugha zao hazina udugu wowote ulio wazi. Maji ya Omo yenyewe yanaishia ziwa Turkana, kwa hiyo Wakenya wa kaskazini wanayanywa bila kujua yametoka kwa nani.

Mimi nilitua kwa wakulima. Shamba la Mwolaita linafanana na kibanja kuliko nilivyotarajia: nyumba katikati, mimea mirefu yenye majani mapana imeizunguka, samadi ya ng'ombe inamwagwa pale pale, kahawa chini ya kivuli. Mara ya kwanza nilisimama nikatafuta mikungu kwa macho, nisiione. Enset ni ndugu wa mgomba asiyezaa ndizi ya kuliwa. Kinacholiwa ni shina na tunguu, yaani kile kisiki cha chini ya udongo. Na tofauti na mgomba, hautoi machipukizi wenyewe. Mkulima anang'oa tunguu, anakata kile kichipukizi cha katikati, analifukia tena, na baada ya miezi kadhaa yanachomoza machipukizi kwa makumi kuzunguka jeraha. Kisha yanahamishwa kutoka kitalu hadi kitalu, na chakula kinakuja baada ya miaka minne, mitano au zaidi. Watu wapatao milioni 20 nchini Ethiopia wanategemea mmea huu kwa njia moja au nyingine, na umewavusha kwenye njaa nyingi, kwa sababu ukame unaoua mahindi hauuangushi mara moja.

Kazi ya kuutengeneza ni ya wanawake, na ni kazi haswa. Mama anaegemeza kipande cha shina kwenye ubao uliosimamishwa mshazari, anakaa chini, anakibana kwa mguu, kisha anakikwangua kwa kipande cha mwanzi mpaka nyama yote inatoka na kubaki nyuzi, ambazo nazo hazitupwi. Ile nyama inafukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya enset yenyewe, inachacha wiki hadi miezi. Inatoka kocho, wanaipika kama mkate mwembamba kwenye kikaango cha udongo. Harufu yake inakufikia kabla ya chakula chenyewe. Nilikula, na ikifuatana na daata, ile pilipili ya kusaga ya Kiwolaita, na nyama mbichi iliyokatwa vipande mbele yako, mtu anazoea. Nyama mbichi ndiyo iliyonichukua muda.

Tatizo lilikuwa mazungumzo. Kiutaratibu nilipaswa kusema Kiingereza, afisa wa mradi kutoka Addis Ababa akageuza Kiamhari, na karani wa kata akakigeuza Kiwolaita. Katika Kiamhari, na katika Kiwolaita vilevile, kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi, kwa hiyo karani alisubiri afisa amalize, mama akasubiri karani amalize, na mimi nikawasubiri wote. Swali langu la dakika nzima lilifika likiwa na maneno manne. Jibu la mama, ambalo lilichukua muda mrefu na mikono miwili, lilinirudia likiwa moja tu: "Anasema hakuna ugonjwa." Nyuma yake naona kwa macho yangu majani yamegeuka manjano na kulegea kuanzia moyo wa mmea.

Yule kijana nilimpata sokoni Sodo kwa bahati. Naongea na mke wangu kwa simu kuhusu ada za watoto, nasikia nyuma yangu, "Shikamoo, afande."

Nikageuka. Kijana mrefu, koti la jinzi, anacheka. Wengi tunazijua habari za Waethiopia wanaokamatwa Tanzania wakielekea Afrika Kusini, wanatolewa kwenye malori wamefichwa nyuma ya mizigo. Kwenye habari zetu wote ni "wahamiaji haramu raia wa Ethiopia", basi. Wengi wao wanatoka kusini, Wahadiya na Wakambata ambao ni Wakushi, na Wawolaita pia wamo. Huyu alikuwa mmoja wao. Ardhi ya Wolaita imejaa watu kuliko karibu sehemu yoyote ya mashambani ya Ethiopia, shamba la familia nzima linaweza kuwa nusu ekari. Baba yake aliuza ng'ombe, kijana akapita Moyale, Nairobi, akakamatwa kwetu, akafungwa gereza moja la mkoani, kisha akarudishwa. Kiswahili chake chote alikipata ndani. Kilikuwa Kiswahili kizuri, chenye kasi, ila cha upande mmoja: alijua nyapara, hesabu, dona, rufaa, faini. Hakujua chipukizi wala samadi. Aliniita afande mpaka nilipomwomba aniite kaka.

Siku iliyofuata nilikwenda naye kwa yule mama, mimi na yeye tu. Hakuanza na ugonjwa. Alianza na saro, ambayo ni salamu ya amani, akauliza ng'ombe, akauliza watoto, akauliza mvua, na wakagundua kwamba shangazi wa huyu ameolewa kwenye ukoo wa yule. Mimi nimekaa kwenye gogo. Tukaletewa kahawa ya majani: majani ya mbuni yamechemshwa na tangawizi, pilipili na chumvi, kinywaji cha watu ambao buni zenyewe wanaziuza. Nikamwambia kijana amweleze kwamba kwetu mgeni anapewa buni zilizochemshwa na kukaushwa, anazitafuna. Mama akacheka akasema basi sisi sote tunakula mti uleule kwa sehemu tofauti.

Kisha akasimama mwenyewe, akatuongoza.

Ugonjwa ulikuwepo, na aliujua kuliko mimi. Alichukua kisu, akakata sehemu ya shina, akanionyesha ule ute wa njano unaotoka baada ya kusubiri kidogo. Kisu kile akakipeleka jikoni motoni kabla hajagusa mmea mwingine. Alisema fuko wakila tunguu wanauhamisha, na ng'ombe wakila majani yaliyougua vilevile. Kisha akaanza kututajia mimea yake mmoja mmoja kwa majina. Wote mimi niliuona enset; kwake kila mmoja ulikuwa na jina, na mengine ni ya dume na mengine ya jike. Za jike tunguu lake ni laini, linachemshwa na kuliwa kama gimbi. Za dume ni ngumu, zinakawia, lakini zinavumilia. Alipofika kwenye mmoja akaupiga kofi shinani: Mazia. Huyu, akasema, anaugua kama wengine ila mara nyingi hafi wote.

Nilipigwa na butwaa kwa sababu jina hilo nililijua. Mazia imo kwenye machapisho ya watafiti wa mnyauko, inatajwa miongoni mwa aina zinazostahimili ugonjwa vizuri zaidi, na wanaitumia kwenye majaribio yao. Kwenye machapisho ni neno tu kwenye jedwali. Hapa lilikuwa kwenye kinywa cha mama mwenye nusu ekari, pamoja na dada zake wote, pamoja na maelezo ya yupi apandwe karibu na mlango na yupi apandwe pembeni. Watafiti walilipata kwa watu wa namna hii, kwa lugha hii.

Kwa nini basi alituambia hakuna ugonjwa? Nilimuuliza, na kijana akageuza bila aibu. Alisema wale waliokuja mara ya kwanza walizungumza kwa lugha ya kodi. Kiamhari kwake kimekuja na askari, na karani, na amri ya kung'oa. Akiulizwa kwa Kiamhari kama kuna kasoro shambani, anajibu hakuna. Hapo nikawakumbuka wazee wangu wa Muleba wakinitazama kimya, nikiwa nimewafuata na Kiswahili changu cha semina wakati Kihaya ninacho mdomoni. Tulikuwa na fomu yenye safu ya aina ya ndizi, na chaguzi zilikuwa tatu: kupika, pombe, kuiva. Nshakala, Nchoncho na Ntobe zote ziliandikwa "kupika".

Kwa sababu ya hayo nikaanza kuuliza habari za Kiwolaita chenyewe, na kila mtu akanielekeza kwa mwalimu mmoja mstaafu. Ndiye aliyenisimulia habari ya Wogagoda.

Kiwolaita, Kigamo, Kigofa na Kidawro zinafanana sana, msamiati mwingi ni mmoja, na mtu akitulia anamwelewa mwenzake. Miaka ya 1990, baada ya serikali mpya kuruhusu watoto wafundishwe kwa lugha za kwao, wote hao walikuwa ndani ya kanda moja ya utawala iliyoitwa Omo Kaskazini. Wakubwa wakaona: kwa nini tuchape vitabu vya aina nne? Wakachanganya. Wo ya Wolaita, Ga ya Gamo, Go ya Gofa, Da ya Dawro, ikapatikana lugha ya kiofisini ambayo hakuna mama yeyote aliyeimba nayo mtoto. Vitabu vikachapwa, vikapelekwa shuleni. Walimu waliopinga wakahamishwa au kuachishwa. Novemba 1999 Sodo ikalipuka. Wanafunzi, walimu na wakulima wakaingia barabarani, risasi zikapigwa, watu wakafa. Vitabu vikaondolewa. Mwaka 2000 kanda yenyewe ikavunjwa, Wawolaita wakapata yao, Wagamo na Wagofa yao, Wadawro yao.

Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani ni ushabiki wa kikabila tu, jambo ambalo Mtanzania wa rika langu amelelewa kulikemea. Mwalimu akaniuliza lugha za jirani zetu ni zipi. Nikamtajia Kinyambo, Kizinza, Kikerewe, zote ni ndugu wa Kihaya. Akasema, basi serikali yenu ilete kitabu cha Kihanyazike, halafu uniambie mtoto wako atakisoma kwa lafudhi ya nani, na mwalimu atakayeajiriwa kukifundisha atatoka wapi. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Alinieleza kwamba ubishi haukuwa wa maneno peke yake. Lugha ikiwa ya kata, kazi za kata zinakwenda kwa wanaoijua, na bajeti inafuata mipaka ya lugha. Wawolaita walikuwa na ufalme wao mpaka mwaka 1894, majeshi ya Menelik, mfalme mkuu wa Ethiopia, yalipomshinda na kumkamata mfalme wao Tona katika vita vilivyoua watu wengi mno. Wakafa waliangushwa miaka mitatu baadaye, 1897, na mfalme wao Gaki Sherocho akapelekwa kifungoni. Kwa watu wenye kumbukumbu hiyo, kitabu cha darasa la kwanza kinachofuta jina lao ni sura nyingine ya habari ileile.

Mimi nadhani alikuwa na haki, ila si kwa kila kitu. Ukigawanya kila lugha na kanda yake, wadogo kama Wakaro wanapata nini? Nilimwambia hivyo. Alijibu kwamba swali hilo waulizwe Wakaro kwa Kikaro.

Chencha ni ulimwengu mwingine. Unatoka Arba Minch kwenye joto na mashamba ya ndizi za kweli, unapanda barabara ya kona, na ndani ya muda mfupi unatafuta sweta. Ukungu, mianzi, na nyumba za Wadorze, jamii mojawapo ya huko Chencha, zilizosukwa kwa mianzi na kuezekwa kwa maganda ya enset, ndefu, zina pua mbele kama kichwa cha tembo. Mchwa wakila sehemu ya chini, nyumba inakatwa pale chini na kushushwa, kwa hiyo nyumba ya mzee huwa fupi kuliko ya kijana. Wadorze ni wafumaji. Wanawake husokota pamba, wanaume hufuma, na wengi wamehamia Addis Ababa, mtaa wa Shiro Meda, ambako shuka nyeupe za sikukuu ambazo dunia inaziita za Kihabeshi zinatoka mikononi mwao.

Kijana wangu wa Kiwolaita alifanya kazi huko juu pia. Alisema anaelewa Kigamo, watu wakasema wanamwelewa, na kweli tulikwenda vizuri kwenye salamu na bei. Tulipofika kwenye majina ya enset tukakwama, kwani majina yalikuwa mengine kabisa na yeye alikuwa anayatafsiri kwa kubahatisha. Nikamchukua binti wa palepale, tukawa watatu. Ubishi wa mwalimu wa Sodo niliushuhudia hapo shambani, bila siasa.

Kuna jambo moja la Wagamo lililonikera, na sitalificha kwa sababu ya adabu ya mgeni. Kwa mila zao watu wamegawanywa: mala ni raia kamili wenye ardhi, mana ni wafinyanzi, degala ni watengeneza ngozi na wahunzi. Mala haoi kwa mana. Chungu cha mana kinapika chakula cha kila nyumba, lakini mfinyanzi mwenyewe amebaki pembeni, na binti yetu mkalimani alisimama nje nilipoingia kwa mama mmoja mfinyanzi kunywa maji. Kaffa nako wapo Wamanjo, waliokuwa wawindaji, ambao wenzao hawataki kula nao. Wote hao wanazungumza lugha moja na wanaowatenga. Sheria ya nchi inakataza ubaguzi, vijana wa makanisa wanaupinga, bado upo.

Na jambo moja liliniinua moyo. Septemba 2018, mwaka mmoja kabla sijafika, Wagamo waliokuwa wakiishi Burayu, pembeni ya Addis Ababa, walishambuliwa na wengi wakauawa. Habari zilipofika Arba Minch vijana wakatoka kwa hasira kwenda kulipiza kisasi kwa watu wa kabila la washambuliaji waliokuwa wakiishi pale mjini. Wazee wa Kigamo wakatangulia mbele yao, wakapiga magoti barabarani wakiwa wameshika majani mabichi mkononi. Kwa mila yao huwezi kumpita mzee aliyekushikia majani akikusihi. Vijana wakasimama, wakarudi. Picha zake zilisambaa Ethiopia nzima. Binti mkalimani kaka yake alikuwa kwenye lile kundi la vijana, na alinisimulia kwamba kaka yake alifika nyumbani analia kwa hasira, kwa sababu wazee walikuwa wamemnyima njia.

Bonga, kwa Wakafa, nilipita haraka, siwezi kujifanya napajua. Ni kijani kupita kiasi, kahawa inaota porini chini ya miti mikubwa, na mwaka 2010 UNESCO iliutangaza msitu ule kuwa hifadhi ya bayongahewa, yaani mahali ambapo mazingira yanalindwa huku watu wakiendelea kuishi humo. Nililala usiku mmoja nikisikiliza Kikafa chumba cha pili na sikuambulia hata neno. Mbele yake huko kwa Wabench lugha ina toni sita, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno. Kihaya chetu nacho kina toni, na bado nikaogopa.

Jioni ya mwisho Sodo mwalimu mstaafu alinialika. Alitaka kujua jambo moja tu kati ya mambo yetu: nchi yenye makabila zaidi ya mia moja na ishirini imewezaje kuwa na Kiswahili bila vita. Nikamweleza kadiri ninavyojua: kilikuwa lugha ya biashara tangu zamani, hakikuwa cha kabila kubwa lolote, kilikuja na chama cha uhuru na shule, hakikuja na mfalme aliyetushinda. Akatikisa kichwa, akasema hiyo ni bahati, haiigiki. Akaniuliza wanangu wanasoma Kihaya darasa la ngapi. Nikamwambia Kihaya hakifundishwi shuleni. "Wanakizungumza?" Wanaelewa, nikasema. Mwanawe, aliyekuwa akituletea chai, alikuwa na kitabu cha sayansi cha darasa la tatu kimeandikwa Kiwolaita kwa herufi za Kilatini, mizizi ya mmea imechorwa na kila sehemu ina jina lake. Nilikipekua chote. Mwalimu naye akaanza kunidodosa kuhusu redio za Kiswahili, na kama kweli Msukuma na Mchaga wanaweza kuoana bila mkalimani. Kila mmoja alikuwa anakitamani cha mwenzake, tukakesha.

Ilibaki kumlipa kijana. Mradi ulikuwa na kiwango cha mkalimani, kizuri tu, ila kwa mwenye cheti. Mhasibu alinipigia kutoka Addis Ababa: jina lake limekuja bila chuo, na kwenye fomu kuna sehemu inayouliza lugha imesomewa wapi na kwa muda gani. Nikamgeukia kijana nikamtafsiria swali. Alifikiri kidogo, akanijibu kwa Kiswahili chake safi, "Mwambie Tanzania, kaka. Miaka miwili, bweni, chakula cha serikali."

Mhasibu aliandika hivyohivyo, na hela ikatoka.